Si Damu Chafu: Niliyowaambia Wazazi wa Tanga Kuhusu Mzio

Mimi ni muuguzi, na maneno haya niliyasema Jumamosi asubuhi kwenye mkutano wa wazazi hapa Tanga. Mvua iliwazuia wengi kufika, na wengi wameniomba niyaandike, kwa hiyo nayaweka kama nilivyoyasema.

Mheshimiwa Mwenyekiti, Mwalimu Mkuu, walimu, mama zangu na baba zangu, na ninyi vijana mliosimama madirishani kwa sababu viti vimekwisha: Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Hamjambo nyote?

Ahsanteni. Naomba nianze kwa kuwauliza, kabla ninyi hamjaniuliza mimi. Nani hapa ana mtoto anayeamka na chafya kumi mfululizo, pua zinachuruzika, macho yanamwasha, halafu ikifika saa nne asubuhi yu mzima, yuko uwanjani na mpira? Nyoosheni mikono. Nani ana ndugu ambaye akila kamba midomo inamvimba? Nani ana mtoto mwenye pumu ya ngozi, anajikuna usiku hadi shuka linapata madoa ya damu? Nani ameonywa hospitali asitumie dawa zenye salfa?

Tazameni hii mikono ilivyo mingi. Shusheni. Swali la mwisho: nani kati yenu aliwahi kuambiwa kwamba hayo yote ni damu chafu?

(Hapa mikono ilirudi juu, karibu yote.)

Na mimi wangu naunyoosha. Utotoni nilikuwa natoka mabaka mwili mzima kila nikila mayai. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinichemshia mwarobaini kila Ijumaa kusafisha damu. Alinipenda sana. Lakini mabaka hayakuondoka kwa mwarobaini. Yaliondoka mama alipoacha kunipa mayai.

Ndugu zangu, damu si chafu. Damu inakumbuka. Nawaomba mnisikilize hapo, kwa sababu yote nitakayosema leo yanatoka kwenye neno hilo.

Mwaka 1921, katika mji wa Breslau, ambao siku hizo ulikuwa Ujerumani na leo uko Poland, walikuwapo madaktari wawili: Carl Prausnitz na Heinz Küstner. Küstner alikuwa hawezi kula samaki aliyepikwa. Akila kidogo tu anawashwa, anavimba. Prausnitz alikuwa anakula samaki bila shida yoyote. Sasa sikilizeni walichofanya. Walichukua maji ya damu ya Küstner, wakamdunga Prausnitz kidogo kwenye ngozi ya tumbo. Kesho yake, pale pale walipodunga, wakadunga tone la maji yaliyotengenezwa kwa samaki. Dakika chache tu, pakavimba na kuwasha. Tumbo hilo hilo, upande mwingine, kimya.

Mmeelewa maana yake? Prausnitz hakuwa na tatizo na samaki. Ila pale palipoingia damu ya mwenzake, ngozi yake ikaanza kumjua samaki kama adui. Kulikuwa na kitu ndani ya damu ya Küstner, kitu chenye kumbukumbu. Ilichukua miaka 45 kukikamata. Mwaka 1966 mtu na mkewe, Wajapani, Kimishige na Teruko Ishizaka, wakiwa kazini Denver, Marekani, walikitambua: ni kingamwili, askari mmojawapo wa mwili. Wataalamu humwita IgE.

Askari huyu inaaminika kazi yake ya asili ni kupambana na minyoo. Kazi nzuri. Lakini kwa watu wengine anakosea mtu. Anamwona samaki, anaona mwizi. Anaona vumbi la godoro, anaona mwizi. Akimwona, anapiga yowe, na seli zenye vifuko vya kemikali iitwayo histamini zinaimwaga. Histamini hiyo ikimwagika puani, unapata mafua na chafya. Kwenye ngozi, mabaka na kuwashwa. Kifuani, njia za hewa zinabana. Ikimwagika mwili mzima kwa wakati mmoja, mtu anaweza kufa mbele yako.

Jambo moja linawachanganya watu wengi. Siku ya kwanza askari hapigi kelele. Siku ya kwanza anakariri sura. Kelele zinakuja mara ya pili, au ya tano, au ya hamsini. Ndiyo maana mtu mzima ananiambia, "Lakini dada, mimi kamba nimekula miaka yote!" Ni kweli, umekula. Na katika miaka hiyo hiyo mwili ulikuwa unakariri.

Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno lake kabla ya hospitali: mzio. Kitu usichopaswa kukila wewe, hata kama jirani anakila. Mtu mmoja ana mzio wake, mwingine ana wake. Neno la Wazungu, aleji, lilitungwa Vienna mwaka 1906 na daktari wa watoto, Clemens von Pirquet. Letu naona linatosha kabisa, kwa sababu lenyewe linakuuliza: mzio wako ni upi? Na hilo ndilo swali. Kabla ya kuuliza dawa gani, ulizeni kitu gani.

Sasa nije kwenye kifua. Hapa nitakaa kidogo, na nitasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele za watu.

Mwanangu wa kwanza alianza kukohoa akiwa na miezi kumi. Kikohozi kikavu, cha usiku, saa nane hadi kumi alfajiri. Mchana hana neno. Tulimpa dawa za maji za kila rangi. Mama mkwe akasema ni kimeo, ile nyama ndogo inayoning'inia nyuma ya kinywa. Kimerefuka, kinamkuna koo, kikatwe. Mimi nilikuwa mwaka wa pili chuo cha uuguzi. Nilikataa. Akasema tena, nikakataa. Mara ya tatu nilikuwa sijalala wiki mbili, nikakubali.

Mzee alikuja na kijiko na kisu kilichopinda kama mundu mdogo. Nilimshika mtoto mimi mwenyewe. Nilimshika kichwa. Ilikuwa kufumba na kufumbua. Damu haikukoma hadi jioni, tukamkimbiza hospitali, akaongezewa damu. Mungu alimnusuru, leo ana watoto wake wawili. Na kikohozi? Wiki mbili baadaye kilirudi vile vile, saa nane ya usiku.

Ni daktari mmoja wa watoto aliyeniuliza: "Analalia nini?" Wazazi wenzangu, katika miezi yote ile hakuna aliyeniuliza hivyo, wala mimi sikujiuliza. Alikuwa analalia mto wa sufi, wa bibi yake, mto uliokuwapo nyumbani kabla mimi sijaolewa. Kikohozi hakikuwa kwenye kimeo. Kilikuwa kwenye mto.

Kimeo hakisababishi kikohozi. Nasema tena: kimeo hakisababishi kikohozi. Mtoto anayekohoa usiku kwa wiki nyingi apelekwe akapimwe. Inaweza kuwa pumu, inaweza kuwa kifua kikuu, inaweza kuwa kingine, lakini kisu hakitibu hata kimoja. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na wengine hawarudi nyumbani.

Ndani ya mto kuna nini? Mnaujua utitiri wa kuku? Kuna jamaa yake, mdogo kuliko huyo, hata umkodolee macho humwoni. Anaishi kwenye magodoro, mito, mazulia na makochi ya kitambaa. Hatuumi. Anakula unga wa ngozi zetu unaodondoka tukilala. Kinachotusumbua ni kinyesi chake. Ukijigeuza kitandani kinaruka, unakivuta. Na anapenda nini? Anapenda joto la wastani na hewa yenye unyevu. Yaani anapenda Tanga! Anapenda Mombasa, anapenda Unguja. Sisi watu wa pwani tunalala naye kila siku ya Mungu.

Hakuna sababu ya kununua mashine ya gharama. Adui yake mkubwa ni ukavu na joto kali. Jua la saa sita hapa kwetu linatosha. Anika godoro juani, upande huu na upande ule, saa kadhaa, kila wiki ukiweza. Likunguteni nje, na anayekunguta asiwe yule mwenye pumu. Mashuka na foronya zifuliwe kila wiki kwa maji ya moto, yale ambayo mkono hauwezi kukaa ndani yake, nyuzi 60 hivi. Mto wa sufi wa miaka ishirini utupe. Najua ni wa bibi. Utupe. Mdoli wa manyoya anayelala na mtoto naye afuliwe na aanikwe. Na sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, maana ufagio mkavu unalirusha vumbi puani mwa mtoto.

Mende nao wamo. Vumbi la mende waliokufa na kinyesi chao ni kichokozi kikubwa cha pumu. Kwa hiyo vyombo visilale vichafu, na ndoo ya taka iwe na mfuniko. Halafu kuna moshi. Moshi si mzio hasa, ni karaha kwa kifua ambacho tayari kimekasirika: moshi wa kuni, wa mkaa, wa sigara, wa dawa ya mbu ya kuchoma. Na udi, mama zangu. Mimi ni mtu wa udi tangu kuzaliwa, siku yangu ya Ijumaa haikamiliki bila chetezo. Lakini mwenye pumu asiwe chumbani wakati huo. Fukiza, fungua madirisha, hewa itembee, ndipo aingie.

Dawa je? Hapa kuna uongo unaoua watoto wetu. Wanasema, "Usimwanzishie dawa ya kuvuta, atazoea, hataacha." Si kweli. Dawa ya kuvuta inakwenda palepale kwenye mapafu, kwa kiasi kidogo sana, na hailevyi. Ila zipo za aina mbili na lazima mzitofautishe. Ya kwanza, mara nyingi kopo lake la bluu, ni salbutamo. Inafungua kifua kwa dakika chache, lakini haiponyi uvimbe ulio ndani. Ya pili, mara nyingi ya kahawia, ni ya kuzuia. Inatuliza uvimbe wenyewe, nayo inavutwa kila siku kama daktari alivyoandika, hata siku ambayo mtoto anacheka na kuruka. Tangu 2019 miongozo ya kimataifa ya pumu imesema wazi: kuanzia miaka 12 na kuendelea, mtu asitibiwe kwa salbutamo peke yake. Kama nyumbani kwako kuna kopo la bluu tu, na linakwisha upesi, rudi ukamwone daktari wiki hii.

Kwa mafua ya asubuhi sina mengi. Safisheni chumba kama nilivyosema. Vidonge vya setirizini au loratadini ni kimoja kwa siku na havileti usingizi sana. Piriton inasaidia, lakini inalaza. Kijana wa bodaboda asimeze Piriton akapanda pikipiki. Matone ya kuzibua pua yasipite siku chache, maana yakizidi pua inaziba kuliko mwanzo.

Twendeni mezani.

Kuna kisa nimekiona zaidi ya mara moja hapa Tanga. Familia imekula jodari mchana. Baada ya nusu saa baba uso mwekundu, moyo unaenda mbio, kichwa kinagonga, mwili unawasha. Mama naye hivyo hivyo. Shangazi naye. Wanakuja wote kituoni wanasema, "Tumepata aleji ya samaki." Watu watatu, siku moja, sahani moja? Hapana. Huyo ni samaki mwenyewe. Jodari, vibua na jamaa zao wakikaa juani bila barafu, vijidudu vinatengeneza histamini ndani ya nyama. Ile ile histamini niliyoitaja. Na ukishaipika haitoki, ukiikaanga haitoki. Wanapona kwa dawa za mzio, lakini samaki hawakukatazwa. Walikatazwa samaki aliyelala. Basi shikeni hili: wakiugua wengi, shuku chakula. Akiugua mmoja kila mara, shuku mzio.

Mzio wa kweli wa kamba una jambo la ajabu. Kamba, kaa, kamba koche, mende na ule utitiri wa godoro wana protini moja inayofanana mno. Askari akikariri sura ya mmoja, anaweza kumshika ndugu yake. Ndiyo maana unamkuta mtu wa pumu ya vumbi anakula kamba kwa mara ya kwanza ukubwani na mdomo unamwasha. Lakini kamba na changu si ndugu. Asiyeweza kamba asinyang'anywe samaki bila kupimwa. Tutamnyima mtoto kitoweo chake bure. Na maziwa yanayomjaza mtu mzima gesi na kumwendesha, mara nyingi huo si mzio kabisa. Ni tumbo kushindwa kuimeng'enya sukari ya maziwa. Huyo mtindi humfaa.

Nataka niwasimulie kuhusu karanga, kwa sababu ni habari njema na wengi hawaijui. Miaka ya 1990 na 2000, Uingereza na Marekani, wazazi wenye mzio katika familia walishauriwa wasimpe mtoto karanga mpaka atimize miaka mitatu. Walitii. Na mzio wa karanga ukaongezeka. Kisha daktari mmoja wa London, Gideon Lack, na wenzake wakaona jambo: watoto wa Kiyahudi wa Uingereza walikuwa na mzio wa karanga karibu mara kumi ya watoto wa Kiyahudi wa Israel. Ukoo mmoja, matokeo mbalimbali. Tofauti ilikuwa nini? Watoto wa Israel wanatafuna vitafunio vya karanga tangu wakiwa wachanga.

Wakachukua watoto 640 waliokuwa hatarini, wa miezi minne hadi kumi na moja. Nusu walilishwa karanga kila wiki, nusu walizuiwa, hadi wakafika miaka mitano. Matokeo yalitoka 2015. Kati ya wale ambao mwanzoni ngozi yao haikuonyesha dalili, waliozuiwa karanga karibu 14 kati ya 100 walipata mzio. Waliolishwa? Hawakufika hata wawili kati ya 100.

Mama zangu, uji wa karanga! Ule uji ambao bibi zetu wanakoroga tangu zamani. Mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake hadi miezi sita, kisha aanze kula, na karanga zilizosagwa laini ziwemo, na yai lililoiva liwemo, na samaki awemo. Karanga nzima hapana, atapaliwa. Na karanga ziwe safi, zisizo na ukungu, kwa sababu ya sumukuvu. Ila mtoto mwenye pumu ya ngozi kali, au aliyekwisha vimba kwa chakula fulani, aonwe na daktari kwanza.

Na watafiti wengi wanaona hivi: kinachopita kinywani mapema, mwili hukizoea. Kinachopenya kwenye ngozi iliyochanika, mwili hukishuku. Kwa hiyo mtoto mwenye pumu ya ngozi apakwe mafuta ya mgando mazito, asubuhi na jioni, punde baada ya kuoga, ngozi ikiwa bado na unyevunyevu. Usimpake mafuta ya karanga. Na krimu ya steroidi itumiwe ile aliyoandika daktari, kwa siku alizosema. Usikope ya jirani, wala usichukue mkorogo wa kung'arisha ngozi.

Nikiwa kwenye ngozi, mabinti nawaomba mnitazame. Kina mama walezi wa maharusi pia.

Kuna binti wa mtaani kwetu aliyeolewa mwaka juzi. Alichorwa mikono na miguu siku tatu kabla ya harusi, maua mazuri, meusi tii. Hakuchorwa kwa hina, alichorwa kwa piko. Utotoni, kwenye harusi ya dada yake, alishawahi kuchorwa piko akawashwa kidogo, hakuna aliyejali. Safari hii usiku wa pili mikono ilianza kuungua. Asubuhi ya harusi niliitwa. Sijasahau nilichokiona: yale yale maua, jani kwa jani, shina kwa shina, yamesimama juu ya ngozi kwa malengelenge yenye maji. Ungeweza kuyasoma kwa kidole, umefumba macho. Binti alitolewa ukumbini mikono imefungwa bandeji, na pete haikuingia.

Hina ya majani haina kosa. Inatoa rangi ya chungwa inayoelekea kahawia, na inataka saa nyingi. Ukiambiwa ni hina na imetoka nyeusi tii kwa nusu saa, hiyo ni piko, nayo ni rangi ya nywele. Ndani yake kuna kemikali ambayo kwenye maboksi hufupishwa PPD. Ulaya hairuhusiwi kupakwa kwenye ngozi. Mwili ukishaikariri, kwa kawaida hausahau: yule binti hata rangi ya kuficha mvi hataweza kutumia. Na watoto wadogo, jamani. Tunawachora piko siku ya Idi ili wapendeze. Wachoreni hina.

Dawa za hospitali nazo zina mzio wake. Mzee mmoja alikuja kwangu midomo imechubuka, macho mekundu hayafunguki, ngozi ya kifuani inatoka kama ya nyoka anayejivua. Alikuwa na jipu, akanunua kotrimoksazoli, ambayo wengi mnaiita Septrin, akanywa siku kumi. Nilipomuuliza kama ana mzio wa dawa, alisema hana. Mkewe ndiye aliyekumbuka: miaka ile SP ilipokuwa dawa yetu ya malaria, kuanzia 2001 hadi mseto ulipoingia mwishoni mwa 2006, aliimeza akatoka vidonda mdomoni. Yeye alijua haipatani na SP. Hakujua kwamba SP na Septrin zote zina salfa. Alipona, lakini jicho moja halijawa sawa.

Andikeni jina la dawa. Andikeni kwenye kadi ya kliniki, kwenye simu, kwenye karatasi ndani ya pochi: dawa gani, mwaka gani, ilikufanya nini. Mama mjamzito anayepewa SP kliniki, kama iliwahi kukudhuru, sema kabla hujameza. Na ukiandika, andika kweli. Mtoto kuharisha kidogo kwa amoksilini si mzio. Huko Marekani, watu wanaodai mzio wa penisilini wakipimwa, zaidi ya 90 kati ya 100 wanakutwa hawana. Ukijinyima dawa nzuri bure, utapewa ya ghali na kali zaidi.

Nimebakiza la dharura. Hili lisikilizwe hata na wale walio nje.

Kijana alikuwa anaangua maembe, akagusa mzinga. Nyuki wawili tu walimuuma. Mwaka uliopita aliumwa akavimba mkono. Safari hii ndani ya dakika kumi alikuwa na mabaka mwili mzima, anatapika, na sauti ikaanza kukauka. Wenzake walimpa Piriton, wakamsimamisha wamtembeze apate hewa. Akaanguka. Walipomfikisha kwetu alikuwa anajaribu kuniambia jina lake na sauti haitoki, ni upepo tu. Nilimchoma adrenalini nje ya paja, juu ya suruali. Nikawa nimeshika mkono wake, natazama saa. Kabla ya dakika tano nilisikia, "Juma. Naitwa Juma." Si jina lake la kweli hilo, lakini sauti ile naisikia mpaka leo.

Mabaka pamoja na pumzi kubana, au mabaka pamoja na kutapika, kizunguzungu, sauti kubadilika: hiyo si ya kusubiri. Mlaze chini, miguu iinuliwe. Kama anashindwa kupumua, aketi. Asisimame, asitembee. Mkimbizeni akiwa amelala. Mwiba wa nyuki ukwangueni upesi. Piriton haifungui koo. Adrenalini ndiyo dawa, nayo si ghali, na iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Akishachomwa asirudishwe nyumbani haraka hata akijisikia mzima, maana dalili zinaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Na ninyi wajumbe wa kamati za zahanati, mkikaa kikao kijacho ulizeni swali moja: adrenalini ipo, na nani leo zamu anajua kuichoma?

Mwenyekiti ananionyesha saa. Sawa. Kuna kazi moja ya mikono kabla hatujatawanyika.

Dawa ya kuvuta ikipulizwa moja kwa moja mdomoni mwa mtoto, nyingi inagonga koo, haifiki kifuani. Inahitaji chombo cha kuishikilia, na vya dukani ni ghali. Mwaka 1999 madaktari wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha utafiti: chupa ya plastiki ya maji, ya mililita 500, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawasawa na kile cha kununua. Chupa tu. Unatoboa kitako kwa waya wa moto kwa umbo la mdomo wa dawa, uingie ukibana, pembeni unaziba kwa gundi. Unaiosha kwa maji ya sabuni, unaiacha ikauke yenyewe bila kuifuta. Mtoto anaweka midomo kwenye shingo ya chupa. Unatikisa dawa, unabonyeza mara moja, anavuta na kutoa pumzi mara tano au sita. Ndipo unatikisa tena na kubonyeza la pili.

Chupa nimekuja nazo ishirini, na waya, na jiko lenye moto liko pale barazani. Mama uliyeketi karibu na mlango, wewe mwenye mtoto wa fulana ya njano anayekohoa tangu nianze kusema, njooni mbele. Njoo mwanangu, usiogope. Shika hii chupa.